Kadi ya Mtandao Ikigoma Baada ya Sasisho: Pa Kuanzia Ukiwa Rungwa

Kadi ya mtandao ikigoma baada ya Windows kujisasisha, ushauri unaotolewa upesi kuliko wote ni kufuta dreva na kupakua nyingine. Dar es Salaam ushauri huo unavumilika, maana ukiharibu zaidi kuna kompyuta ya pili mezani, na fundi hayuko mbali. Rungwa ni habari nyingine. Kata hii ya Halmashauri ya Itigi iko kwenye barabara ndefu itokayo Itigi kwenda Makongolosi, pembeni mwa pori la akiba lenye jina hilohilo. Ofisi yenye kompyuta moja ikikosa mtandao, imekosa pia njia ya kuutafutia dawa. Na kazi haingoji: zahanati na shule za umma siku hizi huandika hesabu zao kwenye mfumo wa mtandaoni. Kwa hiyo mahali kama hapa jambo la kwanza ni kujua nini hasa kimekufa. Kabla ya kujua, usifute chochote.

Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, bonyeza Enter. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, pumua: kadi inaonekana na dreva yake inafanya kazi. Hiyo ni anwani ambayo Windows hujipa yenyewe baada ya kuomba anwani kwenye ruta na kukosa jibu. Basi kagua waya na ruta kwanza, halafu uitazame Windows yenyewe. Desemba 2016 watumiaji wengi wa Windows 10, hasa Uingereza, walikwama hapo. Huduma moja ya ndani ya Windows, CDPSVC, ilikuwa ikianguka na kuizuia kompyuta kupata anwani, mpaka sasisho la tarehe 13 mwezi huo lilipoirekebisha. Kabla ya hapo Microsoft iliwaambia watu waanzishe kompyuta upya, ikasisitiza wachague Restart na wasiizime tu.

Msisitizo huo una sababu, na wengi hawaijui. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski, kisha hukirudisha kilekile zinapowashwa, ili ziwake haraka. Ofisi inayozima kompyuta kila jioni na kuiwasha asubuhi inaweza kukaa wiki nzima na hitilafu ileile, huku kila mtu akiapa kwamba ameshazima na kuwasha. Restart ndiyo inayokijenga kiini upya. Ni hatua ya bure na haifuti kitu, kwa hiyo ukishakagua waya na ruta, anza na hiyo.

Kuna hali nyingine inayodanganya zaidi: kadi inaonekana nzima kabisa, ila mipangilio yake imetoweka. Machi 2018 masasisho ya Windows 7 na Windows Server 2008 R2 yalileta balaa hilo. Kwenye baadhi ya mashine mfumo uliiona kadi ya zamani kana kwamba ni kadi mpya, ukaipa mipangilio ya kiwandani. Anwani zilizokuwa zimeandikwa kwa mkono zilibaki kwenye rejista bila kutumika. Aliyekimbilia kubadilisha dreva alihangaika bure, kwa kuwa dreva haikuwa na kosa lolote. Dawa ilikuwa kuandika anwani upya, na hapo ndipo karatasi iliyobandikwa ukutani ikiwa na anwani, lango na DNS za ofisi inapokuwa na thamani kuliko programu yoyote ya kutafuta hitilafu.

Anwani ikikosekana kabisa, nenda Device Manager. Kadi yenye alama ya njano ifungue usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake hakuna dreva iliyowekwa. Namba 10 maana yake dreva ipo lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Hapo zima kompyuta, chomoa umeme, toa na betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Kadi za Wi-Fi hasa hufufuka kwa njia hiyo mara nyingi. Kama kadi haipo kwenye orodha hata baada ya kuonyesha vifaa vilivyofichwa, anza kushuku swichi ya Wi-Fi, mipangilio ya BIOS, au kadi yenyewe.

Tuseme sasa umethibitisha kwamba dreva mpya ndiyo mkosaji. Kitufe cha Roll Back Driver kikiwa hai, kitumie. Kikiwa kimefifia, bado usikate tamaa, kwa sababu Windows huweka akiba ya dreva kwenye folda ya DriverStore, na mara nyingi ile ya zamani bado imo humo. Chagua kusasisha dreva, kisha kutafuta ndani ya kompyuta, kisha kuchagua mwenyewe kwenye orodha. Ukikuta dreva mbili au tatu za kadi hiyohiyo zenye tarehe tofauti, chukua ya tarehe ya nyuma. Haihitaji hata kilobaiti moja ya intaneti. Hii ndiyo sababu nakataa mtu kuanza na kufuta: kisanduku kidogo kinachouliza kama ufute na programu ya dreva, ukikiwekea alama, huenda umeitupa nakala uliyokuwa unaihitaji. Ile Network Reset ya Windows 10 nayo iwe ya mwisho, kwani huondoa kadi zote na kuziweka upya, na anwani ulizoandika kwa mkono hupotea.

Akiba ikiwa haina kitu, simu ndiyo mkombozi. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa kwenye simu kushirikisha intaneti kwa USB, na kwa kawaida Windows 10 itaiona kama kadi nyingine ya waya. Lakini kabla ya kupakua chochote, ingia kwenye mipangilio ya muunganisho huo uutie alama kuwa unalipiwa kwa kiasi cha data. Usipofanya hivyo, Windows itaona imepata mtandao huru na kuanza kuvuta masasisho mengine, na bando la siku litaisha dreva ikiwa bado haijafika.

Wapo wanaoamua kuzima masasisho moja kwa moja. Nawaelewa, lakini nawakatalia. Kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani Mei 2017, kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14. Kusitisha sasisho kwa wiki chache, au kuliondoa lile moja lililoharibu kazi, kunatosha.

Kazi yenye faida kubwa hufanywa kadi ikiwa bado nzima. Chomeka flashi, tengeneza folda ndani yake, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike pnputil /export-driver * ukifuatisha njia ya folda hiyo. Dreva zote zilizoongezwa kwenye Windows zitanakiliwa. Halafu fungua sifa za kadi, tafuta namba ya utambulisho wa kifaa, uiandike nyuma ya kompyuta kwa kalamu isiyofutika. Ikiwa na VEN_10EC ni Realtek, VEN_8086 ni Intel, VEN_14E4 ni Broadcom. Sehemu ya DEV inayofuata ndiyo inayotaja aina yenyewe. Ukimpigia simu fundi aliyeko Itigi au Mbeya ukamsomea namba hiyo, atakutumia faili sahihi kwa WhatsApp bila kuiona kompyuta yako.