Sifa za Gari Jepesi

Miongoni mwa fadhila ambazo watu wa zama hizi wameziacha zipotee pasipo kuzililia, wepesi ni mojawapo. Katika mji wetu wa Bunia, mtu akijaaliwa mali, jambo la awali atakalo ni gari la kimo, lenye magurudumu mapana na uzito wa kumtisha kila anayekutana nalo njiani, hata kama safari yake ya kutwa nzima ni kutoka Mudzipela mpaka soko kuu na kurudi. Na kijana ambaye hakujaaliwa mali hiyo hununua Toyota iliyochakaa, akaitoboa ekzosi ipate kunguruma, akabandika maandishi ya rangi kwenye kioo, akajihesabu kuwa amekwisha kuingia katika safu ya madereva wa mashindano. Simlaumu kwa kutamani mwendo, maana hiyo ni hulka ya ujana tangu zama za farasi na ngalawa. Namlaumu kwa kuridhika na kelele, ilhali mwendo wenyewe hajaupata na wala hajui unatoka wapi.

Ajuaye unatoka wapi ni mzee mmoja wa Nyakasanza, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hakunipa idhini, na ambaye wanagenzi wake humwita Papa Fundi. Chini ya paa lake la mabati, nyuma ya pikipiki za wateja zilizopangwa zikingoja mnyororo au klachi, pana Datsun 1200 ya manjano iliyopauka, yenye usukani wa kulia, iliyotufikia zamani kwa njia ya Uganda. Magari ya namna hiyo, yalipotoka viwandani Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa na uzito wa kilo 700 hivi na injini ya sentimita za ujazo 1171 tu, na uzito huo haufiki nusu ya uzito wa yale magari ya wakubwa yapitayo mlangoni pake yakitimua vumbi. Papa Fundi aliona kilo hizo bado ni nyingi. Aliazima mizani ya muuza maharagwe, akaitundika kwenye boriti, akaanza kung'oa: kiti cha nyuma, mazulia, redio, bampa za chuma, ubao wa ndani wa kila mlango, na kila kilichong'olewa kilipimwa, uzito wake ukaandikwa kwa chaki ukutani, ambako orodha hiyo ingali inasomeka, kuanzia kiti mpaka skrubu za mapambo ambazo hazikuitikisa mizani hata kidogo. “Kila kilo ninayoitoa,” aliniambia, “breki zinanishukuru, matairi yananishukuru, na mlima wa Bogoro haunidai kitu.”

Mwingereza Colin Chapman, mwasisi wa kampuni ya magari ya Lotus, alijenga maisha yake yote juu ya fikira hiyo hiyo. Lotus Seven yake, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa na uzito wa karibu nusu tani, haina paa la maana wala milango ya kuaminika, na hata leo, ikiundwa kwa jina la Caterham, wapo watu wa Ulaya wanaoinunua kwa kusudi moja tu, kuipeleka uwanjani siku za mapumziko na kushindana na saa. Papa Fundi hajapata kuliona gari hilo. Nilipomwonyesha picha yake aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza tangi la petroli limewekwa wapi.

Lakini kupunguza uzito ni kazi ya mikono, na mwenye nguvu na subira aweza kuifanya. Ustadi wenyewe umo katika kabureta mbili alizozitoa Kampala, katika soko la Kisekka, ambako vipuri vya magari yaliyokufa huuzwa kimoja kimoja na mnunuzi hupaswa kuwa na macho. Kabureta mbili juu ya injini moja zataka uadilifu ule ule utakiwao kwa mume wa wake wawili: hii isipewe pumzi zaidi ya ile, wala ile isinyimwe kwa sababu iko mbali na mkono. Basi huipasha injini moto kwanza, akaiacha izunguke polepole, akachukua kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa dhiraa moja, ncha moja akaiweka sikioni na ya pili akaielekeza kwenye koo la kabureta ya kwanza, akafumba macho. Husikiliza mvumo wa hewa inavyovutwa. Akahamia koo la pili. Akikuta mvumo wa huku ni mwembamba kuliko wa kule, hugeuza skrubu robo ya mzunguko, akangoja, akasikiliza tena, akairudisha nusu ya robo hiyo. Wakati huo hapana ruhusa ya mtu kusema, na mwanagenzi aliyesahau kuzima simu hutoka nje mwenyewe kabla hajaambiwa. Nimemwona akiwa katika hali hiyo tangu kengele ya misa ya kwanza mpaka jua likaingia chini ya mabati, na alipoinuka sikuweza kutambua tofauti yoyote katika mlio wa injini, ilhali mwanagenzi wake mkubwa alitikisa kichwa kwa taadhima na kusema, “Sasa zimekubaliana, Papa.”

Baada ya hapo huliendesha gari mwendo mfupi, akalizima ghafula, akafungua bujii, au plagi kama wasemavyo majirani zetu wa Uganda, akazipanga juu ya kitambaa cheupe na kuzisoma. Nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli kuzidi; nyeupe iliyopauka ni dalili ya njaa na joto la hatari; hudhurungi iliyo kavu ndiyo muradi. Na hapa elimu yake hukutana na ardhi yetu, kwani Bunia imekaa juu, kiasi cha mita 1275 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Albert liko chini, kama mita 620. Baina ya mji na ziwa pana njia ipitayo Bogoro na kuteremka mpaka Kasenyi, na katika mteremko huo hewa huzidi kuwa nzito kila kona, hata gari lililolishwa sawasawa Nyakasanza hufika ziwani likiwa na njaa, kwa kuwa hewa imeongezeka na petroli haikuongezeka. Wenye magari ya kompyuta hawana habari ya jambo hili, maana kompyuta hulitengeneza pasipo kuwauliza. Papa Fundi husimama kwenye ukingo wa bonde, akageuza nati iliyo chini ya kila kabureta, akaendelea na safari. Na wakati wa kupanda huzirudisha pale pale zilipokuwa. Mtu aliyezoea kushuka ziwani kila wiki kununua samaki, akiwa amelala katika kiti cha abiria, hataamini kwamba amepita katika hewa mbili.

Kadhalika petroli. Tunayoinunua kandokando ya barabara kwa wale vijana tunaowaita makadhafi, katika chupa na vidumu vya manjano, aghalabu imeshirikishwa mafuta ya taa na watu wasiomcha Mungu, na injini iliyokazwa kwa ajili ya mwendo ikinyweshwa mchanganyiko huo hugonga kwa ndani mpaka pistoni zikatoboka. Papa Fundi humimina matone mawili kiganjani, akayasugua kwa kidole. Petroli safi hukauka upesi na kuacha baridi. Yenye khiyana huacha utelezi na harufu isiyoondoka hata kwa sabuni. Amekwisha kumrudishia kijana mmoja kidumu kizima mbele ya watu, kwa upole, akimwita mwanangu, na adhabu hiyo ilimwuma kijana kuliko matusi.

Elimu hii hakuizua kichwani mwake. Alikuwa mtoto wa kuosha vyuma katika gereji moja ya Kampala wakati mashindano ya magari ya Safari yalipokuwa yakipita Uganda, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika tope na vumbi, na ambayo ukali wake hauhitaji maneno mengi: mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7, na mwaka 1968 yakaondoka magari 93, yakafika 7 vile vile. Wengi humkumbuka Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili, silinda sita na kabureta mbili, lisilozidi tani moja ila kwa kidogo, baada ya kulingana alama na Harry Källström, hata ikabidi itazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Walakini moyo wa Papa Fundi uko kwa Joginder Singh wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, aliyeshika spana kabla hajashika usukani wa mashindano, akashinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ndogo. Ushindi huo mara tatu mzee huutaja kwa haraka. Anachokirudia ni kwamba katika Safari 22 alizoingia, Joginder alifika mwisho mara 19. Na hapo husita, akikusubiri uelewe kuwa gari halifikishwi na mguu wa kulia peke yake, bali na mikono iliyoligusa usiku wa kuamkia safari.

Na mikono yake mwenyewe imelifikisha gari lake mbali kuliko barabara yoyote. Mwaka 2003, vita vilipoingia mitaani mwa Bunia na kila chenye magurudumu kikawa halali ya mwenye bunduki, wengine walificha magari yao chini ya majani ya migomba, yakaonekana, yakachukuliwa. Yeye alilivunja la kwake vipande vipande kwa mwanga wa koroboi. Kichwa cha injini kilikwenda kwa shemeji yake katika gunia la muhogo. Gia zilifukiwa jikoni, chini ya mafiga. Milango na magurudumu vikagawanywa kwa majirani bila ya kujali kabila la jirani, jambo ambalo katika siku zile lilikuwa na maana yake. Na kabureta mbili alizibeba mwenyewe, zimefungwa katika nguo za mtoto mchanga, kwa miguu, mpaka Beni. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba. Waliokuwa hai walimrudishia amana yake, isipokuwa mlango mmoja ambao mama mmoja alikuwa ameufanya kifuniko cha kisima, naye hakuudai, kwa kuwa kisima kile kilikuwa kikinywesha mtaa mzima. Ndiyo sababu mlango wa kushoto wa Datsun ile ni mweupe mpaka leo.

Uwanja wa kuliendeshea hatuna. Kenya wana autokrosi, ambamo gari huingia katika njia ya udongo kushindana na saa. Uganda wana Busiika, kaskazini mwa Kampala, ambako vijana huleta magari waliyoyatengeneza wenyewe na kuyapima mbele ya macho ya watu. Sisi tuna kipande cha ardhi tupu ambacho mwenyewe humkopesha mzee siku za Jumapili, mawe sita yaliyopakwa chokaa, na mwanagenzi mwenye saa mkononi. Anayekwenda kutazama akitarajia vumbi na matairi kulia hurudi amehuzunika. Mzee hufunga breki gari likiwa limenyooka, akaziachia taratibu, akageuza usukani mara moja tu kwa kila jiwe na kuuacha ujirudie. Gari huinama kidogo, likainuka, likatoka katika kona pasipo kupoteza hata robo ya mwendo lilioingia nao. Mzunguko wake huonekana wa polepole mpaka mwanagenzi asome saa. Mara moja kijana wa mjini alileta gari lake jipya lenye nguvu maradufu, akazunguka mawe yale kwa fujo, akaangusha mawili, na saa ikamhukumu. Wala Papa Fundi hakumcheka, bali alimwuliza kama matairi yake yana upepo sawa pande zote, nalo lilikuwa swali ambalo kijana hakuwa na jibu lake.

Laiti ningeweza kusema kwamba ustadi huu una warithi. Wanagenzi wake ni wema, walakini pikipiki ndizo ziwalishazo, na gari la leo likiharibika, injini nzima hutolewa na nyingine ya mtumba ikatiwa mahali pake kabla mtu hajauliza ile ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa gani. Sina ugomvi na kompyuta, ambayo kwa kweli hupima hewa vizuri kuliko sikio la binadamu. Ugomvi wangu ni na fundi asiyetaka tena kujua, na mwenye gari asiyetaka fundi wake ajue, mradi liondoke gereji kabla ya magharibi. Shule zetu za ufundi hufundisha injini kwa picha za ubaoni, ilhali injini yenyewe iko Nyakasanza, imefunguliwa, na mwalimu yupo.

Basi mwenye mtoto apendaye chuma na amlete angali mdogo, siku za juma, asubuhi. Mzee hatozi ada. Anataka mtoto aje na kitambaa safi, aamkie watu, akae kimya mpira ukiwa sikioni. Na asicheleweshwe, kwa maana sikio la kushoto la Papa Fundi limekwisha kuanza kufa, na lililobaki ni moja.