Ngoma na Mashine: Sinema za Karl Weule katika Masasi na Newala, 1906

Wanaowasifu watengenezaji filamu wa fedha chache hupenda kusema kwamba upungufu wa vyombo humfunza mtu ubunifu. Neno hilo lina kweli yake, lakini laacha upande mmja gizani: chombo pungufu humkatia mtu mambo pia, na yaliyokatwa hayarudi. Mfano ulio wazi wapatikana katika uwanda wa juu wa Makonde, miaka mingi kabla sinema haijapata sauti.

Karl Weule, aliyezaliwa mwaka 1864 na kufariki mwaka 1926, alikuwa mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, na mwaka 1907 akawa mkurugenzi wake. Mwaka 1906 alitumwa Afrika ya Mashariki kuchunguza maisha ya wenyeji. Hapo kwanza ilikusudiwa aende upande wa Kondoa-Irangi, lakini machafuko ya huko yakamgeuza njia, akaanzia Lindi kwenda Masasi, kisha Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, na mwisho akapanda Newala na Mahuta. Katika mizigo ya wapagazi wake mlikuwa na kamera ya sahani za kioo, fonografu ya silinda za nta, na mashine ya kupigia picha za sinema. Habari za safari hiyo alizitoa mwaka 1908 katika kitabu *Negerleben in Ostafrika*, ambacho Alice Werner alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1909.

Huru hakuwa, maana safari yake ililipiwa na serikali, na askari walimfuata. Lakini katika kazi yenyewe ya kupiga picha hali yake yafanana sana na ya mwongozaji fukara wa zama zetu: hana studio, hana taa ila jua, hana mtu wa sauti wala wa kukata na kuunga filamu, yeye ndiye mtunzi, mpiga picha na mwekaji hesabu. Wala hakuwa na wengi wa kuwaiga. Haddon alikuwa amepiga vipande vichache katika visiwa vya Torres Strait mwaka 1898, na Pöch alikuwa New Guinea kati ya mwaka 1904 na 1906. Yapasa kumpa Weule haki yake: kuichukua mashine ile kichwani mwa mpagazi hadi ukingo wa Newala, mahali ambapo hata maji ya kunywa yalikuwa yakiteremkiwa bondeni, ni kazi ya mtu mwenye moyo.

Tazama sasa kazi ilivyotendeka. Mashine husimama juu ya miguu mitatu, na mpigaji huzungusha mpini kwa mkono. Mita 20 za filamu ya upana wa kawaida, zikipita kwa mwendo wa picha 16 kila sekunde, huisha kwa dakika moja na kidogo. Basi apigaye ngoma kwa vyombo hivyo sharti achague: aanze lini, aache lini, asimame wapi. Ngoma ni duara. Mashine ina upande mmoja. Yaliyo karibu nayo ni migongo, na walio mbele wamezibwa na vumbi. Njia ya kuepuka hayo ni kuwaomba wachezaji wajipange, wacheze mchana mahali peupe, waanze wanapoambiwa. Hapo ngoma huifuata mashine.

Katika kitabu chake mna picha ya Wamakua wakicheza masewe, na picha hiyo ilipigwa ndani ya boma la Newala. Jambo hilo ladai kuangaliwa kuliko mchezo wenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905. Misheni ya Masasi ilichomwa moto mwaka huohuo, na vita havikuisha kabisa ila mwaka 1907. Watu waliocheza bomani mwaka 1906 walikuwa wakicheza katika ua wa serikali iliyotoka kuwapiga wao au jirani zao. Je, walicheza kwa furaha, kwa ujira, au kwa hofu? Kipande cha dakika moja hakiwezi kujibu, na aonaye picha bila kujua mwaka hataona ila watu wanaoruka.

Lakini kasoro kubwa zaidi iko katika masewe yenyewe. Hayo ni makoko makavu yafungwayo miguuni, yapate kulia kila mguu ukanyagapo. Ngoma hiyo ina jina la sauti yake, na sinema ya mwaka 1906 ni bubu. Fonografu ilikuwapo, ni kweli, na sauti ya Pesa Mbili, mnyampara wa wapagazi na mwimbaji hodari, ilikusudiwa chombo hicho. Lakini fonografu yataka mwimbaji akaribie pembe na kuimba ndani yake, na mchezaji hawezi kucheza kichwa chake kikiwa katika pembe. Tena mikono ya mtu mmoja haitoshi mashine mbili. Kwa hiyo wimbo ulichukuliwa mbali na mguu, na mguu mbali na wimbo. Kiswahili kina neno moja tu, ngoma, kwa chombo kipigwacho, kwa mchezo, kwa wimbo wake na kwa shughuli yote, kama ile ya unyago, inayowakusanya watu. Weule, aliyetegemea wakalimani, hakosi lawama ndogo hapa: neno lililokuwa kinywani mwa kila mpagazi wake lingemwonya kwamba mashine zake zinakipasua kitu kimoja.

Ugonjwa huo haukuisha upesi. Notcutt na Latham, walipofanya kazi Vugiri katika Usambara kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 kwa fedha za Carnegie, walitengeneza filamu zipatazo 35 kwa gharama ndogo, na wachezaji wao wakawa Waafrika wasio na mazoezi ya kazi hiyo. Sauti bado ilikuwa mbali: maelezo na muziki vilitiwa katika sahani za santuri, vikapigwa pembeni filamu ikionyeshwa. Faida yake ni kwamba filamu moja iliweza kusema lugha kadha. Hasara yake ni kwamba aonekanaye hasemi, na asemaye haonekani.

Mwongozaji wa leo, hata akiwa na fedha haba, halazimiki tena kuchagua hivyo. Amil Shivji alipoifanya riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, kuwa filamu mwaka 2021, sehemu ya Mwajuma alimpa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu. Sauti na mwili ni vya mtu mmoja katika saa moja. Jambo hili laonekana dogo kwa kuwa limekuwa jepesi.

Nyimbo alizozichukua Weule zilifika katika hifadhi ya sauti ya Berlin. Fonografu ilikuwa na wema huu, kwamba mwimbaji aliweza kuisikia sauti yake papo hapo. Filamu sharti ioshwe kwa dawa, ikauke, kisha ipate mashine nyingine ya kuionyesha. Na hata mwanafunzi wa leo akiziweka nyimbo na picha hizo meza moja, azisikilize na kuzitazama pamoja, miguu haitapatana na sauti, kwa maana vitu hivyo viwili havikuchukuliwa katika ngoma moja.