Risiti ya Kwanza Hudanganya

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Masaka, Kicukiro, akikuita uikague programu yake mpya kabla hajamlipa fundi, usiridhike na risiti ya kwanza. Hiyo hutoka safi hata msimbo ukiwa mbovu. Chapa ya pili na ya tatu, kisha hama kutoka printa ndogo ya kaunta uende kwenye ile ya A4. Tangu EBM, mashine za kutolea risiti za kodi, zilipoanza Rwanda mwaka 2013, risiti ni sehemu ya mauzo yenyewe. Programu ikijifunga hapo, foleni nzima inasimama.

Mimi hufungua msimbo na kutafuta DEVMODE kwanza. Muundo huu wa Windows hubeba mipangilio ya printa, nao una sehemu mbili: ya wazi, inayojulikana na kila mtu, na mkia wa siri wa draiva unaoifuata papo hapo. Urefu wa mkia umeandikwa kwenye dmDriverExtra. Anayenakili sizeof(DEVMODE) tu ameukata mkia huku namba ikiendelea kusema upo, na draiva inasoma kumbukumbu isiyo yake. Printa yenye mkia mfupi huenda ikavumilia. Nyingine inaangusha programu. Basi lawama anabebeshwa aliyeuza printa! Fundi anayeijua kazi hujumlisha dmSize na dmDriverExtra, au huiuliza DocumentProperties ukubwa kabla ya kutenga nafasi.

Tazama pia fundi anavyoipata pointa ya DEVMODE. Dirisha la PrintDlg hurudisha hendo, si pointa. Lazima GlobalLock kwanza, GlobalUnlock ukimaliza, na GlobalFree mwishoni. Nikiona hendo imelazimishwa kuwa pointa, nafunga faili na kumwita fundi tuzungumze.

Kisha chapa orodha ndefu ya bei na ufunge dirisha papo hapo, kama afanyavyo mhudumu mwenye haraka. Ikianguka, endesha toleo lake la kutafutia hitilafu ndani ya Visual Studio, uisome pointa: 0xCDCDCDCD ni kumbukumbu ambayo haikupewa thamani, 0xDDDDDDDD imekwisha kuachiliwa. Hii ya pili huniambia kwamba waraka umefutwa wakati kazi ya kuchapa bado inaushikilia. Kuongeza ukaguzi wa NULL hakutasaidia, maana pointa hiyo si NULL. Itafutwe sehemu moja inayoumiliki waraka hadi ukurasa wa mwisho.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata karatasi. Chagua Microsoft Print to PDF, na inapokuomba jina la faili, ghairi. StartDoc inashindwa, lakini HDC, hendo ya kuchorea kwenye printa, ingali hai na inasubiri DeleteDC. Rudia mara ishirini ukitazama safu ya vitu vya GDI kwenye Task Manager. Kwa fundi wa kweli, namba inarudi pale ilipoanzia.