Jasho la Nani? Uliberali na Ujamaa katika Usomaji wa Dunia Uwanja wa Fujo

Kila mwaka tunaposahihisha insha za wanafunzi kuhusu riwaya ya Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya marehemu Euphrase Kezilahabi, tunakutana na sentensi ile ile: mwandishi anaupinga ubepari na kuutetea ujamaa. Wengine huinogesha kwa neno "unyonyaji", wengine kwa "ubinafsi", na wachache hutaja kupe na mirija. Tunaweka alama ya vema na kufungua daftari jingine. Hatuwezi kuwalaumu. Sentensi hiyo tuliwapa sisi, nasi tulipewa na walimu wetu tulipokuwa tukisoma ng'ambo ya mpaka.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kabla hajaua, Tumaini alikuwa amemkosea nani?" Tukamjibu kwamba Tumaini alikuwa bepari. "Ndiyo, Mwalimu, lakini hilo ni kosa au ni sifa tu?" Darasa likacheka, nasi tukacheka nalo ili tupate muda wa kufikiri. Makala haya ni jibu letu lililochelewa.

Wasomaji watakumbuka kisa chenyewe. Tumaini anatapanya mali aliyoachiwa, baadaye anajirekebisha na kuwa mkulima mkubwa. Siasa ya ujamaa inapofika anapokonywa alichokichuma. Anamwua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kifo. Wahakiki wamekihusisha kisa hiki na mauaji ya Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa na mkulima huko Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971.

Tatizo letu la kwanza ni la msamiati. Neno bepari limetujia kutoka Bara Hindi, na asili yake ni mfanyabiashara tu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa jina la asili akageuka mabepari kwa wingi, Antonio na mkopeshaji Shylock wakatiwa kapu moja. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili, na neno lilikuwa bado la moto. Upande wa pili, neno huria tumeliacha sokoni: soko huria, biashara huria. Mwanafunzi akisikia "uliberali" anawaza bei ya sukari na marobota ya mitumba. Uhuru nao, ambao kiasili ni hali ya mtu asiye mtumwa, tumeukabidhi kwa taifa, lenye sikukuu yake, bendera yake na mwenge wake. (Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiganda wana bahati hapa: eddembe lyao bado hukaa karibu na mtu mmoja mmoja, na eddembe ly'obuntu ndizo haki za binadamu.)

Matokeo yake ni kwamba falsafa nzima imetuponyoka. Uliberali si jina jingine la ubepari. Ni fikra inayoanza na mtu mmoja na kuuliza: serikali inaweza kumfanyia nini, na kwa idhini ya nani? Ujamaa unaanza na watu wanaofanya kazi pamoja na kuuliza: matunda ya kazi hiyo yanakwenda wapi? Ni maswali mawili tofauti, na mtu anaweza kulijibu la kwanza vizuri huku akilikimbia la pili.

La kushangaza ni kwamba fikra hizi mbili zinaanzia mahali pamoja, yaani kwenye jasho. Mwishoni mwa karne ya 17 John Locke alidai kwamba ardhi huwa mali ya mtu anapochanganya nayo kazi yake. Aliyefyeka pori akapanda, shamba ni lake. Marx naye anaanza na kazi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 linataka kila mtu aishi kwa jasho lake mwenyewe. Wanaachana wapi? Katika kifungu kimoja cha Locke ambacho wasomaji wengi hukipita: anahesabu hata majani aliyoyakata mtumishi wake kuwa mali yake yeye Locke. Hapo ndipo msoshalisti anapoinuka kitini. Jasho la mtumishi limekwenda wapi? Amelipwa mshahara, atajibu mliberali, walikubaliana. Na kama hakuwa na pengine pa kwenda, atauliza msoshalisti, hayo yalikuwa makubaliano gani?

Tukirudi kwa Tumaini tukiwa na maswali haya, riwaya inafunguka. Ni kweli amejenga maisha yake upya kwa juhudi, na Locke angekuwa upande wake. Lakini mkulima mkubwa halimi kwa mikono yake miwili. Swali la mwanafunzi wetu, alikuwa amemkosea nani, lingepaswa kupelekwa kwa vibarua, na jibu la vibarua tungelisikiliza kwa makini kuliko la kiongozi aliyekuja na amri.

Hata hivyo mliberali hajamaliza. Hatasema tajiri aachwe tu. Atauliza: shamba limechukuliwa kwa sheria ipi, mwenyewe alisikilizwa na nani? Tanganyika ilipata uhuru bila sura ya haki za raia katika katiba yake, na Tanzania ikakaa hivyo hadi marekebisho ya mwaka 1984. Katiba hiyo leo inazibeba fikra zote mbili: ibara ya 9 inazungumzia ujenzi wa ujamaa na kujitegemea, ibara ya 24 inampa mtu haki ya kumiliki mali. Tumaini hakuwa na ibara ya kushika. Shamba lilikwenda kwa amri. Uhai wake ulikwenda kwa hukumu. Kwa maoni yetu huo ndio uchungu wa mwisho wa riwaya, ingawa mauaji yenyewe yanakuja kwa haraka mno na tungependa mwandishi angekaa nayo kidogo.

Msomaji anayetaka kuusikia ujamaa ukiwa na nguvu zake zote asiutafute hapa. Asome Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, juu ya mgomo wa Unguja wa mwaka 1948. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuli kubeba magunia. Alikuwa huru kukataa, akalale na njaa. Lakini tusisahau kwamba makuli walijibu kwa kukusanyika, kusema na kugoma, na hizo ni haki ambazo mliberali naye huzihesabu kuwa zake.

Kezilahabi mwenyewe hakukaa pale tunapomweka katika mitihani. Katika Gamba la Nyoka (1979) anaonyesha wanakijiji wakihamishwa kwa nguvu, na Kaptula la Marx, iliyoandikwa miaka ya 1970 lakini ikachapishwa mwaka 1999, inamvalisha rais kaptula asiyoenea. Wala hakuwa peke yake katika mashaka hayo. Nyerere, ambaye akiwa Makerere kati ya 1943 na 1945 aliandika insha juu ya wanawake akitumia mawazo ya mliberali John Stuart Mill, alisema mwaka 1968 katika Uhuru na Maendeleo kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Mwanafunzi anayejua mambo hayo mawili hawezi tena kuandika kwamba ujamaa "ulifeli kwa sababu ya ubinafsi wa watu".

Kwetu Uganda jambo hili si la vitabuni tu. Obote alitoa Mkataba wa Mtu wa Kawaida mwaka 1969, na tarehe 1 Mei 1970 akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Januari 1971 akapinduliwa. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na marafiki. Katika insha tumewahi kukuta tukio hili limeandikwa kama mfano wa siasa ya ujamaa, eti kwa kuwa mali ilichukuliwa. Mliberali angeuliza kwa sheria ipi. Msoshalisti angeuliza kwa manufaa ya nani. Amin hakuwa na jibu kwa yeyote kati yao. Mwanafunzi asiyezitofautisha fikra hizi hawezi kuisoma historia ya mtaa wa babu yake.

Kwa mtihani wa muhula huu tumelifuta swali la zamani. Jipya linamtaka mtahiniwa aandike utetezi wa Tumaini mbele ya hakimu, siku moja kabla ya shamba kuchukuliwa, kisha aandike madai ya kibarua mmoja wa shamba hilo hilo mbele ya hakimu yule yule. Mwongozo wa kusahihisha bado hatujauandika, na walimu wenzetu wenye mapendekezo wanakaribishwa ofisini.