«Ni siyansi tu» haiko jibu

Tarehe 7 Septemba 2025, kuanzia 19h30 mpaka 20h52, kulikuwa kupatwa kamili kwa mwezi. Katika vikundi vyetu vya simu picha nyekundu zikajaa, na ujumbe wa aina mbili: «ni alama ya vita», na «ni siyansi tu». Huu wa pili ndio unanikasirisha zaidi, juu unatoka kwetu wenye lisansi na hauelezi kitu. Mama mmoja jirani hapa Musienene aliniuliza kama angoje kupanda maharagi mpaka mwezi usafike. Umwambie «siyansi tu», mvua inapita bila mbegu kuwa chini.

Mambo haya tuliyaona 2018. Usiku wa 27 Julai mwezi ulikuwa mwekundu dakika 103. Tarehe 1 Agosti Ebola ikatangazwa Mangina. Mpaka leo nasikia hata watu waliosoma wakiunganisha hizo tarehe mbili. Lakini kule watu walikuwa wakifa mbele ya ule usiku, na mwezi ule ule ulionekana Nairobi na India, kwenye hakukuwa Ebola. Wekundu unatoka kwa hewa ya dunia yetu: mwanga wa jua unapoipitia, buluu inatawanyika, nyekundu inapinda na kuingia ndani ya kivuli.

Tena si kila mwezi mwekundu ni kupatwa. Wakati wa kuchoma mashamba, mwezi unatoka nyuma ya milima ukiwa rangi ya chungwa, ukipanda juu unakuwa mweupe. Ule ni moshi. Jani la mahindi likiwa manjano hatukimbilii kusema azoti imekosa. Inaweza kuwa maji mengi kwenye mizizi, ao virusi. Kwa mwezi tunasahau kuuliza: nani mwengine aliona, wapi, saa ngapi?

Swali hilo linabana hata wataalamu. Tarehe 29 Oktoba 1963, Greenacre na Barr, wakichora ramani ya mwezi kule Lowell, Arizona, waliona madoa mekundu karibu na shimo la Aristarchus, kwa muda mfupi tu. Wengine walisema ni gesi inayotoka chini, na kweli Apollo 15 ilipima radoni juu ya Aristarchus mwaka 1971. Wengine wanasema vumbi lenye umeme, wengine hewa yetu inayotikisika mbele ya teleskopu. Radoni inaonyesha gesi inatoka. Haionyeshi kama ndiyo iliwaka.

Yule mama alipanda Jumanne.