Mafundi wa Kofia za Jumapili

Kofia ya kanisani ya mwanamke Mweusi wa Marekani huanza na mvuke. Fundi huchukua sufu iliyoshindiliwa ikiwa bado moto, akaivuta juu ya kalibu ya mti yenye umbo la kichwa, akaikaza kwa kamba na pini mpaka ikauke. Ikivuliwa mbichi, umbo lote hupotea. Kisha ukingo hutiwa waya mwembamba, ukashonwa kwa mkono kwa mishono isiyoonekana. Vidole huungua, na sindano nayo haina huruma.

Karne iliyopita, wengi wa wateja wa fundi kama huyo walikuwa wapishi na wafua nguo katika nyumba za Wazungu, wiki nzima ndani ya sare. Maduka mengi ya Kusini mwa Marekani hayakuwaruhusu hata kuijaribu kofia. Kwa fundi wao walikalishwa mbele ya kioo, wakapimwa, wakaulizwa wanapenda nini. Kuulizwa huko kulikuwa heshima kubwa.

Duka moja la fundi wa namna hiyo, lililofunguliwa Philadelphia mwaka 1940 kwa mkopo wa dola 500, leo sehemu yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington. Mafundi wengine wengi walishonea nyumbani, wakikesha Pasaka inapokaribia ili kila mteja aende ibadani amependeza.