Kivuli cha Balbu katika Stalag 17

Sefton hapendeki, na hapo ndipo ufundi wa mwongozaji Billy Wilder unapoanza. Katika Stalag 17, filamu ya mwaka 1953, mateka wawili wa Kimarekani wanatoroka usiku kutoka kambi ya Wajerumani. Wenzao wanawaombea. Sefton, mateka kama wao, anaweka dau la sigara kwamba hawatafika mbali. Risasi zinalia, naye anakusanya sigara zake.

Wajerumani walijua mapema: bwenini kuna msaliti. Nani mwingine kama si huyu anayefanya biashara na askari magereza hadi anakula mayai? Mwongozaji mwingine angetupatia mapema sababu ya kumwonea huruma. Wilder hatupi. Anatuacha tumtuhumu pamoja na wenzake, na wanapompiga usiku mpaka uso unavimba, mtazamaji ana sehemu yake katika dhuluma ile. William Holden, anayemwigiza Sefton, naye haombi kupendwa. Hasira yake ameifungia ndani ya taya.

Kisha inakuja jioni ya Krismasi. Wanaume wanazunguka bweni wakiimba kwa sauti kubwa, mmoja nyuma ya mwingine. Sefton amelala kitandani, hakuna aliyemwalika. Kivuli cha balbu kinapita mbele yake, kinarudi, kinapita tena. Anainua macho: waya wa taa uliokuwa umefungwa kitanzi sasa umenyooka. Kitanzi kilikuwa ishara kati ya msaliti na Wajerumani kwamba kuna ujumbe ndani ya kete ya malkia ya sataranji. Hakuna neno linalosemwa. Wilder anaiacha kelele iendelee, na katikati yake tunamwona mtu mmoja akifikiri. Sijui filamu nyingi zinazomheshimu mtazamaji kiasi hicho.

Hata ucheshi umefanyiwa kazi. Kamanda wa kambi, anayeigizwa na Otto Preminger, anavalishwa buti ili apige visigino anapozungumza na Berlin kwa simu, kisha anavuliwa. Hofu ya mkubwa kwa mkubwa wake imeelezwa kwa jozi moja ya viatu.

Hadithi ilitoka kwenye tamthilia ya Donald Bevan na Edmund Trzcinski, ambao wenyewe walifungwa Stalag 17B, Austria. Holden alipata Oscar ya mwigizaji bora. Jina la msaliti silitaji. Itazame filamu mara mbili: ya kwanza umtafute, ya pili umwangalie yeye tangu mwanzo, uone jinsi alivyokaa mbele yako muda wote.